Mtamba wa Mnada wa Kitabu

JESHI LA POLISI TANZANIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Karatu
Tarehe: 8 Juni 2025, saa 5:20 asubuhi
Jina: Katarina Hhando
Umri: Miaka 44
Kabila: Mwiraqw
Dini: Mkristo
Kazi: Mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala
Makazi: Karatu mjini, karibu na stendi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushitakiwa, na nimeelewa. Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe moja kwa moja kutoka kanisani, kwa sababu mwinjilisti Moloimet yuko mahabusu tangu jana kwa tuhuma ya kuiba ng'ombe mtamba, na mtamba huyo hakuibwa. Nilikuwepo alipotolewa. Afande ameniambia nianze mwanzo na nisizunguke. Mwanzo naanza, kutozunguka nitajitahidi.

Mnamo tarehe 14 Januari 2025, saa 4 asubuhi, nilikuwa dukani kwangu. Moloimet aliingia. Ni mwinjilisti wa Piyaya, kijiji cha Wamasai huko Ngorongoro, kijana wa miaka thelathini hivi, na kila mwezi huja kwangu kuchapa masomo ya waumini wake. Siku hiyo alikuja na simu mkononi akicheka peke yake. Alinionyesha ukurasa wa kampuni moja ya nje inayouza vitabu vya kujifunzia dini, vya kusomea kwenye simu.

Mpango wao ulikuwa hivi. Kampuni inataja kitabu cha zamani inachoweza kukiingiza kwenye simu. Kila anayekitaka anaandika bei anayoiweza. Halipi kitu siku hiyo, anaahidi tu. Watu wakiongezeka bei inashuka, na wakitosha kitabu kinatengenezwa, kisha wote wanalipa ile bei ya chini, hata yule aliyeahidi kubwa. Kitabu alichokiona Moloimet kilikuwa ufafanuzi wa Injili ya Luka kwa Kiswahili, cha miaka mingi, ambacho madukani hakipo tena.

Aliniomba niuweke ukurasa ule kwa Kiswahili akawasomee waumini. Mimi nimekaa mapokezi ya lodge miaka tisa, Kiingereza hakinisumbui, na nilijiona mjanja sana. Lile neno lao la mtu kutaja bei nililiandika "mnada". Karatasi nzima nikaipa kichwa kwa herufi kubwa: MNADA WA KITABU. Naomba neno hilo liandikwe vizuri, afande, maana ndilo lililotufikisha hapa.

Huku kwetu mnada ni vitu viwili. Kuna mnada wa mifugo, na kuna mnada wa kanisani baada ya ibada, pale mtu anapoleta mayai, kuku au mbuzi, na bei inapandishwa makusudi kwa sababu ni sadaka. Nimewahi kuona yai moja likinunuliwa kwa bei ya jogoo, na watu wakapiga makofi. Mnada ambao bei inashuka watu wakiongezeka haujawahi kuonekana Karatu wala Ngorongoro nzima. Nilipaswa kulifikiria hilo, sikulifikiria.

Mnamo tarehe 2 Februari 2025, siku ya Jumapili, nilikuwa Piyaya. Nilifika jana yake kwa gari la usharika, nikiwa na kompyuta yangu ya mkononi, ili niandikishe majina ya wanaotaka kitabu na kuyatuma nitakaporudi kwenye mtandao. Ibada iliisha saa 6 mchana. Moloimet akasoma karatasi yangu kwa Kiswahili, kisha akaieleza kwa Kimasai. Watu kumi na mmoja walisimama. Walikuwa wakipandishana bei na kushangilia, mimi naandika.

Wa mwisho alikuwa mzee Metui. Ni mzee wa miaka sabini na kitu, macho yake yana ukungu, ukimsogelea anakutambua kwa sauti. Alitoka nje, akarudi akimvuta mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Alimwingiza hadi mbele, pale kwenye meza. Akampa Moloimet kamba, akasema: "Huyu ni wa kitabu."

Nilimuuliza kwa nini anakitaka kitabu hiki hivyo. Aliniita yeyo, yaani mama, ingawa ningeweza kuwa binti yake. Alisema, "Yeyo, hapa tuna kimoja. Hakina kichwa." Alinionyesha. Kilikuwa kimechanika, kurasa arobaini za mwanzo hazipo. Kinaanzia ukurasa wa 41, tena katikati ya sentensi, kwa maneno haya: "kwa hiyo hakuogopa tena." Baada ya hapo ni nukta, na habari nyingine inaanza.

Mzee alisema amekisoma kitabu hicho tangu watoto wake wadogo, na kila akikifungua anajiuliza ni nani huyo ambaye hakuogopa tena. Moloimet akasema amekwisha kumwambia huenda ni Zakaria. Mama mmoja akasema ni Mariamu, mwingine wachungaji, ikawa mabishano. Mzee aliwatuliza kwa mkono. Alisema, "Kukisia hata mimi najua. Nataka maandishi. Na sasa macho yananiacha, Moloimet anasema kwenye simu herufi zinakuzwa, na simu yenyewe inasoma kwa sauti."

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na kosa hili ni baya kuliko la kwanza. Nilijua kwamba mpango ule haukuhitaji ng'ombe. Nilijua bei ingeshuka. Ilitakiwa niseme, "Mzee, mrudishe mnyama wako, andika kidogo tu." Lakini kanisa zima lilikuwa likimtazama mzee, amesimama pale na fimbo yake, na mimi nikaona nitamvunjia heshima. Nikaandika: Metui, mtamba mmoja. Kwenye kompyuta hakuna mahali pa kuandika mtamba, ikabidi nitumie nafasi ya maoni.

Mtamba aliachwa kwa Moloimet amtunze mpaka kitabu kitoke. Moloimet alikubali. Hakuomba, alipewa, na watu wote walishuhudia.

Mnamo tarehe 12 Mei 2025, saa 3 asubuhi, nilifungua barua pepe dukani nikakuta tangazo la ile kampuni. Walisema wamebadilisha utaratibu wao. Mpango wa wasomaji kutaja bei umefungwa na ahadi zote zimefutwa. Vitabu vilivyokwisha kuanza kutengenezwa vitaagizwa mapema kwa bei moja iliyopangwa, na vitabu vya zamani vitaangaliwa upya, vingine vitasomwa kwa malipo ya kila mwezi. Chetu hakikutajwa kokote. Walitushukuru kwa uvumilivu wetu. Siwasemi vibaya, ni biashara yao na hawakuchukua kitu cha mtu. Lakini niliisoma ile barua mara tatu nikaona aibu, kana kwamba nimeiandika mimi.

Nilimpigia Moloimet, hakupatikana. Alinipigia yeye tarehe 15 Mei, saa 10 jioni, akiwa amepanda kilimani penye mtandao. Nilipomweleza akasema, "Basi dada, ng'ombe wa watu arudi." Mzee Metui alikuwa naye, akampa simu. Nilimwambia mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba kitabu hakuna, achukue mtamba wake. Alinijibu, "Yeyo, nilishamtoa mbele ya watu wa Mungu. Simrudishi bomani. Kama kuna mtu mwenye mwanzo wa kitabu, huyo mtamba ni wake." Simu ikakatika.

Kuanzia siku hiyo sikupata raha. Niliuliza kila mteja aliyeingia dukani, mpaka wakaanza kunitania kwamba nimekuwa mhubiri. Mnamo tarehe 30 Mei nilimpata mwalimu Antonia, mstaafu, anaishi Mbulu. Kitabu anacho kizima, amekifunga kwa kitambaa. Nilikwenda mwenyewe nikatoa nakala ya kurasa zote arobaini, kisha dukani nikazikuza, herufi moja karibu ukubwa wa punje ya mahindi. Mwalimu Antonia hakutaka malipo. Habari za mtamba hazijui mpaka leo.

Tarehe 2 Juni Moloimet alinipigia nikampa habari. Mzee alikuwa pembeni yake, nilimsikia akicheka. Alisema mtamba aletwe Karatu, akabidhiwe huyo mwalimu. Nilimwambia hatapokea. Akasema, "Mpelekeeni, akatae yeye." Ndipo Moloimet akaniambia mzee anaondoka kesho yake na mifugo kwenda malisho ya mbali, kwa kuwa majani karibu na boma yamekwisha. Huko simu haziingii. Ndiyo sababu hamjampata mumuulize, na ndiyo sababu nimekuja mimi.

Kibali cha kusafirisha mnyama kipo hapo mezani kwa afande, nimekiona. Jina la mwenye mali ni Metui, msafirishaji ni Moloimet, na penye sababu ya safari mtendaji wa kijiji ameandika: "Mnada, Karatu." Sikuwepo kilipoandikwa. Lakini tangu Februari Piyaya yote humwita mnyama huyu mtamba wa mnada, na mnada wanaousema ni ule wa karatasi yangu. Mtendaji ameandika alivyosikia.

Jana tarehe 7 Juni, ambayo ilikuwa siku ya mnada wa mifugo hapa mjini, Moloimet aliteremka na mtamba pale mnadani, kwa sababu magari ya ng'ombe hushushia pale. Alinipigia nimfuate. Nilifika saa 3:40 asubuhi nikiwa na kurasa kwenye mfuko, nikakuta watu wamejaa. Parmuat, mtoto mkubwa wa mzee Metui, ambaye anafanya biashara ya mifugo Loliondo, alikuwa ameshika kamba upande mmoja na Moloimet upande mwingine. Parmuat alikuwa ameitambua alama ya sikio la mtamba.

Parmuat alisema kwa sauti, "Huyu ni wa nyumba ya mama yangu. Mzee haoni. Mtu asiyeona mmemfanyia nini?" Askari wa mnada akamuuliza Moloimet amemleta mnyama kufanya nini. Moloimet, ambaye hajui kusema uongo hata wa kujiokoa, akajibu, "Nimemleta kwa ajili ya mnada, lakini simuuzi." Watu waliangua kicheko. Nilijipenyeza nikasema neno ni langu, ni mnada wa kitabu, kitabu cha kwenye simu, kisichokuwepo. Wakacheka zaidi. Nikaambiwa kama nina la kusema nije kituoni.

Parmuat simlaumu. Amekaa hapo nje kwenye benchi, nimempita, hakuniitikia salamu. Ningekuwa mimi, baba yangu hana macho, nikute ng'ombe wa mama yangu mikononi mwa mtu mnadani, ningepiga kelele kuliko yeye. Lakini Moloimet hana hatia. Amemtunza mnyama huyo miezi minne, na nimemwona leo amefungwa nyuma ya kituo, amenenepa. Kijana huyu akitoka hapa na jina la mwizi wa ng'ombe, Piyaya hatasimama tena mbele ya watu, na atakuwa ameponzwa na kalamu yangu. Kama kuna wa kuulizwa, niulizwe mimi niliyeandika mnada mahali pasipokuwa na mnada.

Kurasa arobaini nimekuja nazo. Afande amesema zinaweza kuwa kielelezo. Naomba zisiwe. Vielelezo hukaa kabatini mpaka kesi iishe, na macho ya mzee hayasubiri kesi. Ukurasa wa 40 nimeusoma mimi, ninamjua sasa yule ambaye hakuogopa tena, na si Zakaria. Naomba mzee asomewe akiwa bado anaweza kuziona herufi hata kwa mbali.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyakosea. Nimesomewa, nimeona ni sawa, nimeweka sahihi bila kulazimishwa.

Sahihi: Katarina Hhando

Maelezo ya askari:

Nimeyaandika maelezo haya mimi, WP Koplo Beatrice, kama shahidi alivyoyatoa, nikayamaliza saa 6:45 mchana. Sehemu alizozunguka nimeziacha kama zilivyo kwa ombi lake.

Saa 7:05 mchana, kwa ridhaa ya shahidi, mlalamikaji Parmuat aliitwa kaunta akasomewa maelezo haya. Aliomba kuuona ukurasa wa 40. Aliusoma mstari wa mwisho kwa sauti: "Mzee Simeoni alikuwa amekwisha kukiona kwa macho yake kile alichokingoja," kisha, bila kuwa na ukurasa wa 41 mbele yake, akamalizia mwenyewe, "kwa hiyo hakuogopa tena." Alieleza kuwa ndiye aliyekuwa akimsomea baba yake kitabu hicho alipokuwa mdogo.

Mlalamikaji ameomba shauri lisimame mpaka atakapomfikia baba yake malishoni. Mtuhumiwa Moloimet amedhaminiwa na shahidi saa 8:10 mchana. Mtamba amebaki kituoni. Kurasa arobaini hazikuandikishwa kama kielelezo. Amezichukua Parmuat, na amesema atasoma yeye.