Vitambaa vya Wifi

Shoga, uko? Soma halafu ufute.

Tumerudi kutoka msituni. Wote wazima. Ila mimi sina raha hata kidogo.

Jana tulipokuwa tunapanda kwenda kulala kambini kule juu, wifi yangu fundi cherehani alitangulia. Kila njia ilipogawanyika alifunga kitambaa chekundu kwenye tawi, tusije tukapotea wakati wa kurudi. Hakuniambia! Mimi niko nyuma kabisa, na mlinzi wa getini alishatuonya tusiache uchafu. Nikajua ni taka za waliotutangulia. Nikavifungua vyote. Vyote, shoga! Unayajua macho yangu, hayaachi kitu.

Leo asubuhi wifi akasema, "Mimi mwendo wangu wa kobe, natangulia. Nitafuata vitambaa vyangu."

Vitambaa vyangu!! Kumbe vilikuwa vyake.

Na sikusema. Niliona aibu, watanicheka. Nikajipa moyo kwamba njia ataiona tu.

Sisi tumeshuka kwa kubahatisha mpaka getini, wifi hayupo.

Tumemtafuta mpaka jua la utosi. Tumemkuta amekaa kwenye gogo, sauti imemkauka kwa kuita, mguu umevimba. Anauliza, "Nani kavitoa?" Mume wangu akajibu, "Nyani hao, dada." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka, shoga!

Sasa hivi yuko sebuleni anamsimulia mama mkwe: "Huyu mke wa kaka ndiye aliyenitafuta kwa machozi." Mama mkwe ananiombea dua kwa sauti.

Wananiita nikamkande mguu.

Naenda kumwambia. Mbele ya mama yake.