Kalamu Inayotetemeka

Ibtihal, uko wapi? Nimejifungia kwenye stoo ya maabara, sitaki mtu anione.

Leo nilikuwa nawafundisha wasichana wa mwaka wa mwisho kusahihisha insha zao. Nikalisomea darasa mwanzo wa insha ya Rahaf, yule binti mpole kutoka mji wa Ajlun: "Kalamu yangu inatetemeka mbele ya utukufu wa mada hii."

Mada yenyewe ni kuchuma zeituni kwa bibi yake.

Nikamcheka, Ibtihal. Mimi, mwalimu wake. Nikasema, "Kalamu inatetemekea zeituni? Ina homa?" Hakuna aliyecheka. Nikadhani hawajaelewa, nikarudia.

"Nani kakufundisha upuuzi huu?"

Kainamisha kichwa, na mimi namkazania tu. Mwenzake wa nyuma ndiye aliyesema, "Si umwambie, Rahaf."

Akatoa daftari la mwaka jana. Sentensi ni ileile. Niliwaandikia ubaoni mwenyewe, waikariri wote kwa ajili ya Tawjihi, mtihani wa kumaliza sekondari.

Nikamuuliza, mbona basi hukuibadilisha uliposahihisha. Akanionyesha pembeni mwa ukurasa uleule wa daftari, wino mwekundu, mwandiko wangu: "Hapa usiguse hata neno."