Uso wa Baba Yetu Fanueli, Mtengeneza Picha wa Lushoto

Mwaka mzima umekatika, Baba, tangu asubuhi ile ya tarehe 14 Juni 1998 ulipoaga dunia nyumbani Vuga, mkono wako ukiwa mkononi mwa Mama. Watu walimwambia Mama mwaka ukiisha uchungu hupungua. Walimdanganya.

Lushoto nzima ilikujua kwa mikono yako. Nani hakukuletea picha ya marehemu wake, imechanika, imeota ukungu, imetafunwa na mende? Uliiinamia na kibrashi chako chembamba, ukarudisha jicho, ukarudisha kola ya shati, kisha ukaitia rangi. Nyekundu ndiyo uliyozidisha. Mzee Timotheo wa usharika alikujia juu: "Mgosi, baba yangu hakupaka rangi ya mdomo hata siku moja!" Ulicheka hadi ukashika mbavu, ukaipunguza. Na kila aliyeondoka na picha yake ulimwonya: "Usiifute kwa maji."

Hata marehemu asiye na picha hukumwacha. Ulimketisha ndugu aliyefanana naye, ukampiga picha, halafu kwa penseli na rangi ukamgeuza pole pole mpaka wenyewe wakasema ndiye. Wangapi walitoka kwako wakilia kwa shukrani!

Ruksa ya biashara huria ilipokuja, maduka ya Tanga yakaanza kutoa picha za rangi kwa saa moja, wateja wakakukimbia. Hukununa. "Kila zama na kitabu chake," ulisema, ukaendelea na za zamani. Wewe mwenyewe hukupenda kupigwa picha. Ulituachia moja tu, ya harusi yenu, mwaka 1962.

Mwezi wa nane tulisikia kuna duka Tanga limepata kompyuta ya kunakili picha kuukuu na kuzitia rangi. Mama hakutaka uende mjini na vumbi. Alikutoa kwenye fremu, akapitisha kitambaa kibichi taratibu, kama anayemwosha mtoto uso kabla ya kwenda kanisani. Picha ya kamera haidhuriki kwa hilo, ndivyo alivyofikiri, na hiyo hakuwahi kukuona ukiigusa.

Uso wako ukabaki kwenye kitambaa.

Kumbe ukungu ulikwisha kuula uso huo miaka mingi nyuma, nawe ukajichora upya kwa rangi ya maji, kwa siri, ili asihuzunike. Huruma yako, Baba, ndiyo iliyotuponza. Mama alikaa chini jikoni na kitambaa kile mapajani, hakula siku mbili. "Nimemuua mara ya pili," alisema. Tulimbembeleza.

Tulikwenda Tanga hivyo hivyo. Mwenye kompyuta aliitazama picha, akairudisha kwa heshima. "Pole, mama. Mashine inatia rangi palipo na sura. Hapa hapana kitu."

Ndipo tukamketisha Baba Mdogo Sefania, kama ulivyowafanyia wengine. Alivaa koti lako, akakaza macho, akapigwa picha. Lakini wa kumgeuza ndugu awe marehemu ulikuwa wewe, na hukumfundisha mtu. Tukaitundika ilivyo, ukuta usibaki mtupu.

Laiti tungeuacha mtupu. Mwezi uliopita Mama alituita. "Nikifumba macho nimkumbuke baba yenu, anakuja Sefania." Tuliiteremsha picha siku ile ile. Haikusaidia. Sasa kila jioni anatuuliza nyusi zako zilikuwaje, na pua, na ulipocheka ni shavu lipi lililobonyea. Yusta anasema la kulia. Emanueli anaapa ni la kushoto. Mama anatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha anainuka kwenda kulala.

Ndiyo sababu tangazo hili halina picha.

Unakumbukwa na mkeo Rahabu, wanao Yusta na Emanueli, nduguyo Sefania ambaye siku hizi anaona haya kuja nyumbani, wajukuu zako, na wote uliowarudishia wapendwa wao.

Wewe hatutakusahau kamwe, Baba. Ni uso wako tu ndio unaotutoka.