Barakoa Aliyoishika Shangazi

Bibi yangu, shikamoo. Mvua imeufanya mlima wa huku Goba uteleze, na jana Shangazi alianguka akavunjika mguu. Hospitalini, kabla ya kuunyoosha, nesi alimpa barakoa ya gesi ya kutuliza maumivu.

“Aishike mwenyewe,” akanionya. “Wewe usimshikie. Gesi ikimzidi, mkono utalegea na barakoa itaanguka yenyewe, apate hewa.”

Shangazi akavuta, akaacha kulia, akatabasamu kuelekea mlangoni, ambapo hapakuwa na mtu. “Abee, baba,” akaitika kwa sauti ya kitoto. “Nakuja.”

Ndipo mkono ukalegea, barakoa ikaanguka. Nilitamani kumrudishia, nikakumbuka onyo. Baada ya pumzi chache akanigeukia: “Kaenda zake peke yake.”

Mguu umefungwa plasta, anakula vizuri, anakusalimu. Ukizuru kaburi la Babu, mwombe atuachie Shangazi.

Nakupenda sana, Bibi.
Mjukuu wako, Zuhura