Mpira Niliompa Selemani

Jumatatu, 5 Mei
Vidole vitatu plasta, goti dawa ya kuchua, kisha mazoezini. Mimi ni kipa wa miaka arobaini na moja, na hii ni timu yangu ya tisa. Mtwara, Kigoma, Bukoba, Zambia nusu msimu, Mbeya misimu mitatu. Sasa nyumbani Arusha, ambako hakuna aliyenitaka mpaka nilipozeeka. Kocha, mdogo kwangu kwa miaka sita, amesema mechi ya Jumamosi ndiyo itaamua kama naongezewa msimu. Tunacheza na Mbeya. Sijasikia furaha wala hofu. Nimesikia njaa.

Alhamisi, 8 Mei
Mvua. Mazoezi Kisongo, kwenye tope. Vijana wameniuliza kama nilianza kudaka kabla ya uhuru. Nimewaambia mkoloni alikuwa anapiga mashuti dhaifu sana.
Mke wangu, Mama Neema, ameuliza nisipoongezewa itakuwaje. Nimeendelea kula.

Jumamosi, 10 Mei
Nimefanya ujinga.
Bila bila, dakika ya themanini na tano. Nimedaka kona. Kushoto nikaona mkono umenyooshwa: Selemani, beki wangu wa kule Mbeya. Misimu mitatu, nikidaka tu ananyoosha mkono, namrushia bila kufikiri. Nikamrushia.
Leo Selemani ni mpinzani. Mkono ule alikuwa anamnyooshea refa, akilalamika. Mpira ukamkuta mguuni, akapiga. Bao.
Hakushangilia. Akanifuata golini.
"Kaka, mbona umenipa?"
"Mazoea, Sele."
Tumefungwa moja. Jukwaani mama mmoja ameniusia nisiachwe na basi la Mbeya. Nimecheka. Lilikuwa neno zuri.

Jumatatu, 12 Mei
Kocha ameniita ofisini. Msimu mzima ananiita "wewe kipa". Leo alisimama kabisa.
"Shikamoo, kaka."
Nikajua. Nikaitikia marahaba, nikakabidhi jezi. Nilidhani nitalia. Nikasubiri kidogo, machozi hayakuja.

Jumatano, 14 Mei
Neema ameleta fomu ya shule. Pana swali: kazi ya baba. Nimeshika kalamu muda mrefu, mwisho nikampa mama yake. Ameandika "mkulima". Hakuniangalia.
Tuna migomba saba nyuma ya nyumba. Nimetoka kuitazama. Mmoja umeinama kwa uzito wa mkungu. Nimekata nguzo, nikautegemeza mgomba.