Nyumba ya Kukokotwa

Randburg, Johannesburg
4 Juni 2023

Mdogo wangu Mselem,

"Anayelala kwenye nyumba ya kukokotwa hana kwao, na asiye na kwao hapokei mgeni." Hayo ni maneno yako, uliyoyasema mbele ya wajomba zetu hapo Tanga ili mama asije kunitazama. Yamenifikia yakiwa bado ya moto. Salamu nitakupa, kwa kuwa nimelelewa: hujambo, watoto hawajambo, presha ya wifi imeshuka? Mimi mzima, na baridi ya hapa inaniheshimu. Sasa tujibizane.

Miaka mitano nilipanga chumba Joubert Park, ghorofa ya tisa, lifti imekufa, watu wanane bomba moja. Kuta zilikuwa hazisogei, na hukusema sina kwangu. Leo nina karavani, nimeinunua kwa cherehani yangu, jina langu liko kwenye kadi yake. Siku za kazi imeegeshwa ua wa nyuma wa gereji hapa Randburg. Jumamosi naifunga nyuma ya pikapu, naivuta mwenyewe hadi mtaa wa Diepsloot kushona makoti ya watu. Leo ndipo nimekuwa sina kwangu? Marehemu baba alitusomesha vitabu vilevile, Mselem. Wafugaji wa ngamia wamehama na nyumba zao karne na karne, wakatunga mashairi na sheria. Nani aliwaita watu wasio na kwao? Kwako ni pale ulipo na amri ya kumwambia mtu "karibu".

Eti baridi itamuua mama. Mlango wangu una mpira mpya wa kuzuia upepo, sakafu ina zulia juu ya ubao, na kila siku kabla jua halijazama natoa maji yote kwenye mabomba yasigande yakayapasua. Nimemaliza baridi nne humu.

Unajua kwa nini siji mimi: karatasi zangu za ukaazi bado ziko ofisini, nikivuka mpaka sirudi. Miaka tisa. Macho ya mama yanafifia, anataka kuuona uso wangu kabla hayajazimika, na pasipoti yake umeifungia kabatini kwako.

Njoo uone, kisha useme.

Dada yako,
Biubwa


Tanga
11 Juni 2023

Dada Biubwa,

Shikamoo. Sisi wazima, presha ya wifi yako imetulia. Barua yako niliisoma nimesimama.

Sikukusudia kukudhalilisha. Mama ana miaka sabini na sita na hajavaa soksi maishani mwake. Mjomba Ishaka naye anasema kinachovutwa na gari ni mzigo, si nyumba. Basi nitakuja baada ya Idi kwa niaba ya kikao cha wajomba. Nikiridhika nitasema, nisiporidhika nitasema pia. Mama anacheka tu: "Nenda, baba, ukatiwe adabu."

Nikuletee nini?

Mdogo wako,
Mselem


Randburg
18 Juni 2023

Mselem,

Marahaba. Uzima upo. Lete karafuu, na soksi jozi sita. Kikao kitalala kitanda nilichomwekea mama, kile karibu na hita.

Dada yako


Tanga
23 Julai 2023

Dada yangu Biubwa,

Shikamoo mara mbili, moja ya kawaida na moja ya kuomba radhi. Nilifika salama. Mama alinihesabu vidole vyote, akavikuta kumi. Siku tano sikuandika kwa sababu ya aibu, na leo naandika kisa chote kwa mkono wangu, mama asomewe kabla sijaituma barua.

Jioni ya tarehe tisa ulikuwa ukipakia sare za shule za kupeleka mji wa Harrismith. Nikaona nyumba ina vumbi. Kwetu gari la safari haliondoki chafu, na mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Nikachukua mpira wa maji, nikaiosha yote, magurudumu na kufuli la kuiungia kwenye pikapu pia, kisha nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote isije ikasogea. Célestine, yule msusi Mkongomani jirani yako, alichungulia juu ya ukuta: "Ndugu ya Mama Biubwa, iko unaogesha nyumba mu baridi hii? Kichwa yako iko muzima?" Nikamjibu usafi ni katika imani.

Asubuhi theluji inaanguka Johannesburg. Magurudumu yameshikana kama yamechomelewa, kufuli limekuwa jiwe. Nami, kwa kutaka kurekebisha, nikamwaga birika la maji ya moto kwenye kioo cha pikapu, kikapasuka upande wa abiria. Hukupiga kelele. Uliniuliza tu, "Kikao kimemaliza kazi, au kuna kingine cha kuosha?"

Kisha ukalala chini kwenye theluji, ukagonga breki taratibu kwa nyundo ya mpira, Célestine akikushikia mashine yake ya kukaushia nywele kwenye waya mrefu, akicheka mpaka anakohoa. Saa tano tukaondoka. Njia nzima nikatazama ufa wangu.

Lori lilipotupita, karavani ikaanza kuyumba nyuma yetu. Nikapiga kelele, "Kanyaga breki!" Ukasema, "Nyamaza, baba. Nikikanyaga, nyumba itatupita." Ukaondoa mguu kwenye mafuta kidogo kidogo, ikanyooka.

Harrismith maji ya ndoo yaliganda nje, mimi ndani nikatupa blanketi la tatu. Nilipotaka kuziba tundu la hewa ulinichapa mkono: "Hita inakula hewa, na mimi pia naila."

Niliyoyaona nimeyasema kikaoni, na maneno yangu ya mwanzo nimeyafuta mbele yao. Mjomba Ishaka kanijibu, "Umelishwa pilau, umenunuliwa." Wanataka mama asubiri hadi mwakani. Mimi mmoja, wao watatu. Jana mama aliuamkia mtungi wa maji akidhani ni jirani.

Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Mselem


Randburg
30 Julai 2023

Mdogo wangu Mselem,

Nimekusamehe kioo, kimeshabadilishwa. Habari ya mtungi imenitoa usingizi. Hapa kumepoa, ila jua la mchana limerudi. Barua iliyobaki si yako. Isome kikaoni kwa sauti, na usiruke mstari.

Mjomba Ishaka, na nyinyi wajomba wawili mlioketi naye, shikamooni. Natumaini mu wazima, magoti hayasumbui.

Mnasema kinachovutwa na gari ni mzigo. Mzigo haupiki chai. Mzigo haujamlaza mjumbe wenu, theluji nje, akaamka anatafuta feni. Mnasema amenunuliwa kwa pilau. Basi alinunuliwa rahisi, maana nilimpa wali na maharage. Mnasema mwakani. Mwakani mama atanigusa uso kwa vidole, na nyinyi mtaita huko kuonana?

Nimeivuta nyumba hii juu ya barafu kwa mikono iliyofundishwa kushona na dada yenu. Naona fahari, wala siinamishi kichwa. Mlango wa mgeni nimeufungua. Uliofungwa ni wa kwenu.

Mama anaruhusiwa kukaa siku tisini. Tiketi yake ni ya Jumamosi, tarehe kumi na mbili Agosti, na Mselem ana nakala. Nitakuwa uwanja wa ndege tangu asubuhi, karavani nyuma yangu, hita imewashwa, soksi juu ya mto.

Mselem, fungua kabati sasa hivi, wakikutazama. Mpe mama pasipoti yake, mkononi mwake mwenyewe.

Na nyinyi wajomba, inukeni hapo mlangoni, apite.

Mtoto wa dada yenu,
Biubwa