Maji ya Yai la Rukhu

Shikamoo Bibi! Najua Mjomba Athumani ndiye anayekusomea kadi hii. Mwambie apaze sauti, maana leo nimeliona yai la Rukhu, yule ndege wako anayebeba ndovu kwa kucha!

Na nimelishika, Bibi! Jua la Unguja lilikuwa kali na kachori za pilipili zimeniunguza ulimi, nikaomba maji kwa Bi Echa, Mngazija, jirani yetu hapa mtaa wa Malindi. Akachota kwa kata kwenye kitu cheupe kilichowekwa mahali pa mtungi. Nikadhani ni buyu. Kumbe yai! Kubwa kuliko kichwa cha Mjomba, lina tundu juu, na ukiligonga linalia kama bakuli la kauri. Marehemu mumewe alikuja nalo kutoka kisiwa cha Bukini, huko huko alikosafiri baba yako. Amelifukiza ubani kama tunavyofukiza mitungi yetu, na maji yake ni baridi, matamu!

Nikamuuliza, "Bi Echa, ndege mwenyewe umepata kumwona?"

Akanitazama. "Mwanangu, ndege sijamwona. Lakini yai hili sikulitaga mimi."

Nilicheka mpaka mtandio ukanidondoka. Mungu akuweke, Bibi yangu. Nakubusu mikono yote miwili.

Mjukuu wako, Saumu

Na wewe Mjomba, unayemcheka mama yako kila akihadithia aliyoyaona babake Bukini, usiruke mstari huu. Msomee: "Mama, ulisema kweli."